Disketi Ndani ya Kiondo

Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe haijanitoka puani hadi leo. Baba alirudi nayo nyumbani kila jioni, imeshika kwenye gambuti zake, kwenye mikono, na kwenye mfuko wa shati alimoweka kalamu, kipimajoto cha ng'ombe na, mwaka huo ninaousimulia, disketi moja ya buluu. Kazi yake ilikuwa mifugo, na mtaani kwetu, pembeni mwa mji wa Kitui, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bwana Mifugo kwa wakubwa na wadogo. Harufu hiyo ikichanganyika na ya vumbi lililopata joto ndani ya kompyuta, basi hiyo ndiyo sebule yetu ya miaka ya tisini, na mimi, mtoto wa shule ya msingi, nimekaa kwenye kigoda nikingoja zamu yangu. Watu wengine wakikumbuka utoto wao hutabasamu. Mimi uso hupata moto.

Kompyuta tuliletewa na mjomba Kyalo, kaka yake mama, aliyekuwa karani Nairobi. Ofisi yao ilinunua mashine mpya, naye akaomba moja ya zile kuukuu akaja nayo imefungwa blanketi. Baba aliiweka mahali pa redio, na mama akaishonea kitambaa cha nyuzi chenye maua, maana nyumbani kwetu hata thamosi ilikuwa na kitambaa chake. Haikuwa mali ya mtu mmoja. Mama aliiandikia barua za mwethya, kile kikundi cha akina mama waliolimiana mashamba kwa zamu. Kaka yangu Mutua alicheza karata humo mpaka macho yakawa mekundu. Majirani walikuja kupiga chapa programu za mazishi na kadi za harusi. Na kila Jumapili baada ya kanisa, baba aliketi kuandika majina ya ukoo wetu, aliyoyakusanya kwa kuzunguka kwa wazee kuanzia Kathonzweni hadi milima ya Kilungu, nani alimzaa nani na alizikwa wapi. Wengine kati ya wazee hao walikuwa wameshafariki. Kazi hiyo aliipenda kuliko mshahara wake, na kwa kweli tulimpenda zaidi alipokuwa akiifanya, kwa sababu alituita tumsomee majina naye akiyatafuta kwa kidole kimoja.

Siku alipoileta, mjomba alitoa onyo moja tu. Alisema mashine hizi huugua, na ugonjwa wake huitwa virusi, nao hutoka mashine moja hadi nyingine kwa kupanda disketi. Baba akauliza kama ni sawa na mifugo inavyoambukizana mnadani. Mjomba akacheka, akasema ni vivyo hivyo kabisa. Laiti angenyamaza! Kwa maana kwetu Ukambani, mbuzi aliyenunuliwa mnadani haingizwi zizini siku hiyo hiyo. Hufungwa kando, peke yake, apewe majani yake na maji yake, mpaka mwezi mwingine uandame. Akiwa na kikohozi, kitaonekana. Asipougua, huachiwa akachanganyike na wenzake. Baba alikuwa amewahimiza watu desturi hii miaka nenda miaka rudi, na mifugo mingi ilipona kwa ajili yake. Basi akatundika kiondo kwenye msumari karibu na mlango, akatangaza kwamba kila disketi ya kutoka nje italala humo mpaka mwezi uandame.

Usicheke, msomaji, au ucheke kidogo tu. Hakuna aliyejua kwamba disketi haikohoi. Ingeweza kulala kiondoni mwaka mzima na ugonjwa wake usionekane wala usiishe. Majirani walitii bila maswali, kwani nani angebishana kuhusu magonjwa na mtu aliyemwokolea ng'ombe wake? Programu ya mazishi ya mzee mmoja ilitoka kiondoni wakati kaburi limeshaota majani. Lakini disketi ya buluu ya baba, iliyokwenda ofisini asubuhi na kurudi jioni, haikulala kiondoni hata mara moja. Mbuzi wa nyumbani hafungwi kando.

Sasa nimtaje Zuhura. Alikuwa binti wa jirani yetu wa ukutani, Mama Zuhura, mjane ambaye wazazi wake walitoka pwani zamani wakafuata biashara hadi Kitui. Tuliishi nao vizuri. Krismasi tuliwapelekea maembe na mbuzi mzima, hai, wamchinje wenyewe, na Idi walituletea sinia la pilau ambalo Mutua alianza kuliulizia wiki nzima kabla. Zuhura alikuwa amemaliza kidato cha nne na alisomea kupiga chapa katika chuo kidogo mjini. Mashine za chuo zilikuwa chache na foleni ndefu, kwa hiyo alimwomba baba aje kujizoeza kwetu alasiri, saa nitokazo shule. Baba alikubali mara moja, akasema binti wa jirani ni binti yake. Nami nilimpenda msichana huyo vibaya sana. Alinishika vidole kimoja kimoja akavipanga kwenye kibodi, akaniambia nisiangalie chini, eti vidole vina macho yao. Nikiangalia chini alinifinya sikio.

Alikuwa na disketi moja nyeusi, na ndani yake kazi yote ya mtihani wake wa mwisho: barua rasmi, majedwali, ripoti ndefu. Alikusudia kuikamilisha kwetu, kisha aipeleke chuoni siku ya mtihani. Bila disketi hiyo hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna cheti, wala ile kazi ya ukarani aliyokuwa ameshaahidiwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku aliyokuja nayo, baba aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kiondoni. Zuhura alihesabu moyoni siku za mwezi, akaona zitatosha, akasema, "Haya, Mzee." Akaendelea kujizoeza kwenye mashine bila disketi.

Mwezi haujaandama, jambo likatokea. Ilikuwa Jumapili, baba yuko kwenye majina yake, mimi namsomea. Herufi moja ikaanguka. Ilitoka kwenye jina la babu wa babu yangu ikateremka hadi chini ya kioo, ikatulia. Kisha nyingine, kisha nyingi, zikapukutika kama punje za mahindi yanayopukuchuliwa, mpaka chini kukawa na rundo na juu kukabaki weusi mtupu. Baba alinyoosha mkono akagusa kioo, kana kwamba angeweza kuzikinga. Sikuwahi kumwona baba akiogopa kitu, hata fahali. Alizima mashine, akaiwasha, na faili la ukoo likakataa kufunguka.

Alisimama akaenda kwenye kiondo. Disketi ya Zuhura ilikuwamo, palepale ilipowekwa, lakini baba alikuwa ameshahukumu. Kitu kimoja tu cha nje kilikuwa kinaingia nyumbani humo kila siku, akasema, na si vigumu mtu kuitoa disketi mama akiwa shambani na kuirudisha kabla ya jioni. Akamwita Zuhura kwa sauti ya mnadani. Zuhura alikuja na mama yake, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili, akina mama wa mwethya walikuwa uani kwetu wanakunywa chai. Baba alimsomea mashtaka mbele ya wote, akamwita mwizi wa mlango wa nyuma.

Zuhura hakulia. Alisema polepole, "Mzee, tangu uitie humo sijaigusa. Muulize Mwende, huwa tuko naye."

Mwende ndiye mimi, na nilisema. Nilisema kweli kwamba hakuigusa, nikasema mara ya pili kwa sauti zaidi. Baba alinitazama akaniambia mtoto hatoi ushahidi penye wakubwa, niende jikoni. Nilikwenda. Nikiwa jikoni nilimsikia Mama Zuhura akiomba disketi ya mwanawe, kwa sababu mtihani ulikuwa wiki hiyo. Na hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu baba hakumkatalia kwa uovu. Alimweleza, kwa utulivu wa mtu wa kazi, kwamba mnyama anayeshukiwa haruhusiwi kutoka karantini, kwamba akiiachia itaambukiza mashine zote za chuo na watoto wa watu wengine wataumia. Itabaki pale hadi mjomba Kyalo atakapokuja kuipima. Aliamini anailinda Kitui nzima. Akina mama wa mwethya walitazama vikombe vyao.

Mtihani ulifanyika, Zuhura hakuufanya. Chuo hakikutaka kusikia habari za kiondo. Duka likampa mwingine kazi. Alasiri nilikaa kwenye kibodi peke yangu, na vidole vyangu vikawa vizito. Mama alimsihi baba airudishe disketi, akamsihi hata kwa kumnyima maneno, na baba akazidi kuwa mkaidi. Nilipokutana na Mama Zuhura bombani nilimwamkia shikamoo nikiangalia ndoo. Aliitikia marahaba, mwanangu, kama kawaida yake, na upole wake ulinichoma. Ningefurahi kama angenitukana.

Mwisho wa mwezi mjomba alifika na disketi yake ya kusaka virusi. Aliingiza kwanza ile nyeusi ya Zuhura, sote tumesimama nyuma yake. Ilikuwa safi. Aliifungua, tukaiona kazi yake: barua zimenyooka, majedwali hayana doa, na jina lake juu ya kila ukurasa. Mjomba akasema huyu binti anaijua kazi. Kisha akanyoosha mkono kwa baba, bila kufikiri, akamwomba ile iliyoko mfukoni. Baba aliitoa polepole. Mashine ikapiga kelele palepale. Ugonjwa ulitoka kwenye kompyuta ya ofisini kwake, ukasafiri kila jioni juu ya moyo wake, kando ya kipimajoto. Mama alisema neno moja, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaingia jikoni. Mjomba aliisafisha mashine. Majina mengine ya ukoo yalipona, mengine hayakupona.

Baba hakujua kuomba radhi kwa mdomo. Wanaume wa rika lake walimtuma mbuzi akaseme. Kesho yake alichagua mbuzi jike mzuri kuliko wote tuliokuwa nao, mweupe mwenye masikio meusi, akaweka disketi ya Zuhura katika bahasha, akanichukua tukaenda langoni kwa Mama Zuhura. Nilitaka ardhi inimeze. Baba alizungumza habari za mvua, kisha habari za malisho, kisha akasema ameleta mbuzi. Mama Zuhura alipokea bahasha, akapokea kamba. Alikuwa na mbuzi wake wachache nyuma ya nyumba.

"Asante, Baba Mwende," alisema. "Tutamfunga kando kwanza, mpaka mwezi uandame. Si ndivyo mlivyotufundisha?"

Hakuwa na kejeli usoni. Baba alisema ndiyo, ndivyo. Tukarudi.

Na kweli alimfunga kando, kwenye mpapai, mahali palipoonekana wazi kutoka mlango wa jikoni kwetu. Alimpelekea majani yake na maji yake. Mbuzi yule hakuzoea upweke, akalia asubuhi, akalia mchana, na kila alipolia baba aliweka kijiko chini. Watu wa mtaa walipita wakauliza mbuzi wa Bwana Mifugo ana ugonjwa gani, na Mama Zuhura akawajibu kwa heshima kwamba haijulikani bado. Mwezi ulipoandama alimfungua akachanganyika na wengine. Wakati huo Zuhura alikuwa ameshaondoka kwenda kwa shangazi yake Mombasa. Hakuniaga. Idi ilipofika, Mutua hakuuliza habari za pilau, na sinia halikuja.

Mimi leo nala kwa kibodi. Ofisini kwetu mitambo hujilinda yenyewe, hupima kila barua kabla sijaifungua, na kila asubuhi, kabla ya kukagua cha mgeni yeyote, huanza kwa kupekua mafaili yetu wenyewe. Mara ya kwanza nilipoelekezwa hivyo nilitoka nje nikasimama kidogo. Vidole vyangu bado vinakaa pale Zuhura alipoviweka, sitazami chini, na watu hunisifu kwa kasi yangu. Nikisifiwa naona haya kwa kosa ambalo si langu, na nimeacha kujiuliza kwa nini. Aibu ya nyumba hairithiwi na mtoto mmoja ikamwacha mwingine. Mutua naye, hadi leo, hali pilau.

Desemba iliyopita nilipeleka nyumbani kompyuta ya mkononi, watoto wote wa ukoo waitumie. Baba sasa ni mzee wa fimbo, ameketi palepale sebuleni. Mtoto wa jirani mpya alikuja na flashi yake yenye katuni, na mpwa wangu akamzuia mlangoni, akamwambia ipimwe kwanza, yake ni ya nje. Nilisikia baba akikohoa. Alikuwa ameingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa simu yake, akaninyooshea.

"Anza na yangu," alisema.

Niliiunganisha, tukangoja. Kisha, bila kunitazama, akauliza yule binti wa Mama Zuhura aliishia wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu siku ile ya langoni. Mama alijibu kutoka jikoni kwamba hatujui. Simu haikuwa na kitu. Nilimrudishia, naye akaishika mkononi mpaka jioni, asiitie mfukoni.