Nani Alimgeuza Mke wa Nahodha Kuwa Dada?

Ni Jumamosi asubuhi mjini Brooklyn Park, huku ughaibuni. Wairimu Gathogo ameketi kwenye meza ya jikoni, sare ya kazi bado mwilini, vipokea sauti masikioni. Kwenye kompyuta yake, nahodha mwanamke wa chombo cha anga anatoa amri. Wairimu anarudisha picha nyuma, anasikiliza tena, anaandika Kiswahili chake. Kabla ya kutuma, anapiga picha kila ukurasa kwa simu.

"Siku hizi siamini mtu," anasema bila kuinua macho.

Wairimu, mzaliwa wa Nyeri, ni muuguzi msaidizi katika makao ya wazee huko Champlin. Akitoka zamu, hutafsiri maandishi yanayopita chini ya tamthilia. Mwaka jana alipewa tamthilia ya kisayansi kuhusu watu wanaoihama dunia iliyokauka. Katika sehemu ya nne, nahodha anamsimulia daktari wa chomboni habari za mwanamke aliyemwacha nyuma: mke wake.

"Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa," Wairimu anaeleza. "Sasa hawa wawili, nani kaoa, nani kaolewa? Mwishowe nikaandika, 'Tulioana kabla ya safari. Ni mke wangu.' Mimi ni mtu wa kanisa, sikatai ilinipa taabu. Lakini ndivyo alivyosema. Si kazi yangu kumrekebisha."

Tamthilia ilipotoka, binti yake wa miaka kumi na sita, ambaye hatutamtaja jina, aliitazama kwa Kiswahili. Msichana huyo huelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili: "Mama, kwa nini umeandika ni dada yake?"

Wairimu akaenda kutazama. Chini ya picha palikuwa na maneno: "Tulilelewa pamoja. Ni dada yangu."

"Nikamwambia hayo si yangu. Akaingia chumbani akafunga mlango. Tukawa tunasalimiana kama wapangaji."

Alimpigia Duncan Mose wa Inver Grove Heights, mhariri wa tafsiri zake, anayesali naye na aliyemtafutia kazi hiyo. Duncan akamwambia huenda mashine ya kutafsiri ilichanganya.

"Mashine gani inajua kutunga 'tulilelewa pamoja'?" anauliza Wairimu.

Jumapili iliyofuata, mama mmoja akamsogelea nje ya kanisa: "Kumbe ni wewe unatafsiri zile filamu?" Jina la Wairimu halionekani popote kwenye tamthilia. Mtu pekee pale kanisani aliyejua ni Duncan.

"Nilitoka hapo na-drive moja kwa moja mpaka kwake. Akafungua mlango, akasema, 'Dada Wairimu, nilikuwa nakulinda. Watu wetu wangesemaje? Na una msichana nyumbani.' Nikamuuliza, msichana wangu ameingiaje hapa? Mpaka leo sijui anajua nini, au anadhani anajua nini."

Alipozungumza nasi kwa simu, Duncan alikiri kubadilisha maneno, ila akakana kueneza jina la Wairimu. "Kuna mambo Kiswahili hakina mahali pa kuyaweka," alisema, kisha akakata simu.

Wairimu aliipelekea kampuni iliyompa tafsiri hiyo nakala yake ya kwanza. Maneno yake yakarudishwa na Duncan akaondolewa kwenye kazi hiyo. Kanisani wapo wanaompita bila salamu, naye hajui nani kaambiwa nini. Binti yake alitazama sehemu ile tena, akaja kukaa naye jikoni.

Sasa Wairimu anatafsiri msimu wa pili, na ameomba jina lake liandikwe mwishoni. "Wakinisema, waniseme kwa niliyoyaandika mwenyewe."

Tunamuuliza: je, binti yake ana jambo kama la nahodha?

Anavua vipokea sauti. "Sijamuuliza, na nimekataza mtu yeyote amuulize. Pengine ni ninalodhani, pengine silo. Nimeomba kazini waniondolee zamu za jioni. Akisoma gazeti hili, basi ajue nitakuwepo."