Benchi Nililoshindwa Kuliacha

Mwezi jana nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule ya mjukuu wangu, Ruiru. Mwalimu mkuu aliuliza ni nani angependa kuja mbele aseme neno. Neno nilikuwa nalo, tena zuri, lakini nilitazama viatu vyangu mpaka mtu mwingine akainuka. Tukirudi nyumbani mjukuu akaniuliza, "Shosho, si ulikuwa unajua ya kusema? Mbona ukanyamaza?" Nikamwambia nina mafua. Wewe nitakwambia ukweli.

Pale palipojaa nyumba za kupangisha leo, miaka ya hamsini palikuwa shamba la kahawa. Nyanya yangu, Cucu tulivyomwita, alikuwa mchumaji huko, na mimi niliishi naye. Msimu wa kuchuma, harufu ya maganda yaliyochacha iliingia hata kwenye githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, na hatukuona ajabu. Shule yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na kiwanda cha kumenya kahawa. Kengele ilikuwa kipande cha reli.

Mwalimu alikuwa mmoja tu, mtu wa kutoka magharibi ya nchi, mpole, aliyeipenda baiskeli yake kama ng'ombe wa maziwa. Kwa kuwa hangeweza kujigawa, alikuwa na utaratibu wake. Tuliketi kwenye mabenchi manne, wanaoanza nyuma, na wa mtihani wa darasa la nne mbele kabisa. "Mimi sipandishi mtu," alisema. "Ukijiona umeiva, inuka uende." Uliinuka na sleti yako, ukasimama kando ya benchi lililofuata, na wenye benchi hilo wakakuuliza maswali. Ukijibu, walikusogezea nafasi. Ukikosa, ulirudi ulikotoka, darasa zima likikutazama. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu wetu alitaka mtu ainuke.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma nikiwa mkubwa. Shule yangu ya kwanza ilifungwa wakati wa hali ya hatari, nikakaa nyumbani muda mrefu nikichota maji na kutafuta kuni. Nilipoanza upya niliketi na watoto wanaofutwa kamasi, magoti yangu yakinifika kifuani. Niliona aibu sana, na aibu hiyo ikanifanya niharakishe. Nikamtangazia Cucu kwamba kesho yake ningeinuka.

Kesho yake niliinuka. Mvulana mmoja wa benchi la pili akauliza, "Ratili moja ina wakia ngapi?" Nikasema kumi na mbili, kwa sauti, kama ninayemfundisha yeye. Kumi na mbili ni inchi za futi; wakia ni kumi na sita. Walicheka mpaka mabati yakaitikia. Nilipogeuka kurudi nikaona uso wa Cucu dirishani. Alikuwa ameweka debe lake chini akaja kunitazama, na wachumaji wenzake nyuma yake. Natamani hadi leo asingekuja.

Jioni aliniwekea kiazi kikubwa kuliko chake. "Kesho utainuka tena?" akauliza.

"Kesho, Cucu."

Basi ikawa hivyo kila jioni, na kila asubuhi sikuinuka. Usifikiri nililala. Nilisoma, tena kwa hasira. Nilitega sikio kwa mabenchi ya mbele na kushika kila kitu, wakia, mito, jedwali lote la hesabu. Wale wadogo wa benchi langu niliwafundisha kwa kunong'ona, na mmoja baada ya mwingine wakainuka, wakajibu nilichowafundisha, wakaniacha. Wakaja wadogo wengine.

Binti wa mpishi wa shamba, aliyeketi nami, alianguka mara nyingi kuliko yeyote. Alirudi akicheka, akainuka tena wiki ileile. Nilimwuliza haoni haya. "Wee, si wakicheka watachoka wanyamaze?" akasema. Walichoka kweli, naye akafika mbele.

Siku moja mwalimu alikuja akachuchumaa kando yangu kana kwamba anakagua sleti. Akaniuliza maswali ya benchi la mbele, polepole, yote. Nilijibu yote.

"Sasa unangoja nini?" akauliza.

"Nitainuka kesho, mwalimu."

Akanyoosha mkono kama aliyetaka kunishika, kisha akaenda. Cucu naye alikuwa ameacha kuuliza. Sikumbuki ni jioni gani aliacha, na hilo huniuma kuliko kicheko cha darasa.

Miti ya kahawa imeng'olewa, chumba cha mabati hakipo, na mwalimu na Cucu wametangulia. Watoto wa leo hupandishwa wakiwa wamelala, na mimi sina haki ya kuwacheka.

Mwaka ule, asubuhi ya mtihani, mwalimu aliwakusanya wa benchi la mbele awapeleke Thika. Alisimama mlangoni akatazama nyuma, kwetu, akangoja. Chumba kizima kilijua anangoja nani. Niliinamisha kichwa. Basi wakaondoka wakikariri jedwali la tisa barabarani, sauti ya binti wa mpishi ikiwa juu ya zote. Kwenye tisa mara saba wakakosea, wakasema sitini na nne. Nikawasahihisha kimoyomoyo, nikiwa nimeketi.