Tangazo la Alfajiri Juu ya Karthala

Nilikubali kwenda kupiga picha kwa sababu ya redio. Fundi wa jiografia, maana huku kwetu kila mwalimu huitwa fundi, alitaka picha za shimo la Karthala, mlima wetu wa volkano, jua linapochomoza, ili wanafunzi wake wa Moroni waamini kwamba nchi yao nayo ina jangwa. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Dar es Salaam na kamera nzuri na lenzi ndefu, na Moroni nilikuwa nikiishi kwa kazi ya picha, kwa hiyo akanifuata mimi. Nilikuwa nimeshamkatalia mara mbili. Kisha mchunga ng'ombe aliyekuwa atuongoze, tuliyekutana naye sokoni Volo Volo akinunua betri, akasema kwamba kule juu redio yake inashika Mutsamudu vizuri kama vile inasemea chumba cha pili. Mjini hatukuipata. Mlima uliikinga.

Mama yangu alikuwa Mutsamudu, mji wetu katika kisiwa cha Nzwani. Nzwani ilikuwa imetangaza kujitenga, simu zilikatika, ndege hazikuruka, na wanajeshi walikuwa wamepelekwa kwa meli kwenda kuirudisha. Redio ya Moroni ilisema hali ni shwari. Nikawaza, ikiwa ni shwari, simu zimekatwa za nini? Siku ya nne nilikuwa bado sijui kama mama yu hai, na hakuna ofisi niliyoingia ambayo mtu alinijibu.

Tulipanda mchana kutwa na kulala katika kibanda cha mchungaji. Njiani fundi, ambaye ni Mngazija, mtu wa kisiwa hiki cha Moroni, alinitania bila kuchoka. Alisema Wanzwani tumejitenga na kila kitu isipokuwa wali wa watu wa Moroni, na kwamba tunamtaka Mfaransa arudi ilhali mimi hata koti la Kifaransa la kuvaa mlimani sina. Nikamuuliza jamhuri imempa nini zaidi ya chaki. Akasema hata chaki hajapewa. Mchungaji alicheka mpaka akasimama kupumua.

Alfajiri tulifika ukingoni. Tuliswali juu ya mchanga mweusi wa jivu, tumeelekea kaskazini, na mimi nikasimama safuni ingawa siku zile nilikuwa na maswali mengi kuliko imani. Tulipotoa salamu kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mbele yetu ardhi ilikuwa imeanguka. Kuta zilishuka wima hadi kwenye sakafu pana isiyo na jani, na ndani ya sakafu ile kulikuwa na shimo jingine lenye kutoa mvuke. Hakukuwa na ndege wala mdudu. Upande wa kulia, pale ukingo wa pili ulipobomoka, bahari ilionekana, na juu ya bahari kitu cha rangi ya majivu chenye vilele viwili.

"Kwenu kule," mchungaji aliniambia, kama anayemwonyesha mtu nyumba ya jirani.

Fundi alinieleza jinsi mwanga utakavyokuja: utagusa kwanza ukuta wa magharibi, unaopinda kutoka chini ya miguu yetu, kisha utateremka taratibu, na dakika zenye faida ni chache. Nilifunga kamera kwenye miguu yake mitatu. Nilikuwa na filamu moja ya picha thelathini na sita. Mchungaji aliweka redio juu ya jiwe, akavuta antena, na sauti ya msomaji wa Kurani ikatoka safi. Ilikuwa lafudhi ya kwetu. Nikapiga picha ya kwanza kabla mwanga haujafika, na nikajua haitafaa.

Baada ya Kurani yakaja matangazo ya vifo.

Hapa lazima nieleze. Kwetu jina la mama wa watu halitangazwi hewani. Husemwa ni mama wa fulani, wa mtaa fulani, na mji mzima hujua, kwa sababu Mutsamudu ni vichochoro ambavyo watu wake hupishana mabega tangu utotoni. Nimewahi kuuliza, nikiwa mdogo, kwa nini mwanamke afiche jina lake hata siku ya kuzikwa, na nikaambiwa ni heshima. Siku zile za kujitenga liliongezwa jambo la pili: mtoto aliyekuwa Moroni naye hakutajwa jina, ili wasije watu wa Moroni wakamjua na kumdhuru, wala majirani wakaisakama nyumba yake. Walikuwa wanatulinda.

Mtangazaji alisoma polepole. Mama mmoja wa mtaa wa chini ya ngome, mwenye mwana aliyesoma ng'ambo na ambaye kazi yake sasa iko Moroni, amerejea kwa Mola wake. Maziko ni leo baada ya adhuhuri. Kisha akaenda kwenye tangazo la maji.

Mtaa huo ndio wetu, na ulikuwa na wana wawili wa namna hiyo. Mimi, na mwenzangu niliyepanga naye chumba kimoja Magudju, hapo Moroni, aliyesoma ng'ambo kama mimi na sasa akifanya kazi duka la dawa.

Fundi hakuielewa vyema lafudhi. Alikuwa anatazama ukuta. "Sasa," alisema, "piga sasa, mwanga umeshafika." Ulikuwa umeshika jiwe la juu kabisa, mwekundu, na ulikuwa unashuka kama alivyosema. Mchungaji alielewa. Aliizima redio, akavua kofia yake, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni mtu wangu.

"Ni wangu au ni wa rafiki yangu," nikasema.

Fundi akageuka. Akaniambia niache kamera, picha si kitu. Nikaona kwamba nikiiacha mikono yangu haitakuwa na kazi, kwa hiyo nikaendelea. Nilipiga ukuta wote, hatua kwa hatua, mpaka mwanga ulipofika chini na shimo likawa shimo tu. Picha sita za mwisho niliweka lenzi ndefu na kuielekeza Nzwani. Juu ya kilele kimoja kulikuwa na weupe. Huenda lilikuwa wingu, huenda ulikuwa moshi. Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi kwa baridi na sikuweza kuamua.

Tukishuka nilijisikia nikiomba. Sikuomba mama yangu awe hai. Niliomba tangazo liwe la mama wa mwenzangu, na yeye ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

Nilipanga kutomwambia mwenzangu. Alikuwa ameketi kitandani mwake, chumbani Magudju, ananingojea, na kabla sijavua viatu akauliza redio imesema nini. Nikamwambia maneno yote kama yalivyosomwa. Akayataka tena. Nikayarudia.

"Basi ni wangu," akasema. "Mama yangu ana kifua tangu mvua zilizopita. Wako mzima."

"Risasi haimuulizi mtu kama ana kifua."

"Hawakusema risasi."

"Hawakusema kifua pia."

Alikuwa ananipa mama yangu, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumpa wake.

Msikitini tuliomba isomwe hitima. Imamu akauliza ya nani, maana hitima husomwa kwa jina la marehemu. Tulitazamana. Mwenzangu akasema isomwe kwa ajili ya mama yetu, na imamu, ambaye hakujua, akatuambia ndugu tuvumiliane.

Simu ziliporudi, baada ya wiki nyingi, tulikwenda posta pamoja. Kibanda kilikuwa kimoja. Nilimwambia atangulie, akanisukuma ndani na kufunga mlango wa kioo. Nilipiga kwa jirani yetu mwenye simu. Nikasikia akiita dirishani, nikasikia kandambili kwenye ngazi za mawe, kisha sauti ya mama ikaniuliza kama ninakula vizuri.

Nilikaza uso. Nje ya kioo mwenzangu alikuwa anautazama mdomo wangu.

Mama akauliza kama mwenzangu yupo karibu. Nikasema yupo. Akasema, "Mwambie akae kitako kwanza."

Nikatoka nikamwambia akae. Posta ile haikuwa na kiti.