Jumamosi Bibi Alipoingia kwenye TV

Binti yangu alimpokea bibi yake kwa teke. Mama mkwe wangu ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kutoka Machame, mkungu wa ndizi begani, anavuka kizingiti cha nyumba yetu mtaa wa Soweto pale Moshi, mtoto akaruka kutoka kwenye kochi akipiga ukelele, "Hayaaa!" Mguu wake mdogo ukatua kwenye goti la bibi na ndizi zikaenda chini. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za shule, mdomo umejaa pini, hata kukaripia nikashindwa.

Bibi hakumpiga. Alimtazama mtoto, akaitazama TV ambamo katuni mbili zilikuwa zinachapana mateke yaleyale, kisha akanigeukia mimi.

"Yeleuwi," alisema taratibu. "Kumbe huyu ndiye mwalimu mliyemtafutia mtoto."

"Shikamoo mama. Ni mchezo tu, mama."

"Marahaba. Huo mchezo umenivunja goti. Mimi nimekuja kutibiwa macho. Daktari akishamaliza na mimi, naondoka na huyu. Atalelewa kihambani, kwenye shamba letu la migomba, ale ndizi, akate majani ya ng'ombe. Hutaona teke tena."

Hakuwa anatania. Kwetu binti wa kwanza wa mwanao wa kiume hupewa jina lako, kwa hiyo mtoto wangu alikuwa na jina la bibi yake, na kwa mahesabu ya mama mkwe alikuwa wake kabla hajawa wangu. Watoto wengi tu wa mjini walikuwa wanapandishwa mlimani kwa bibi zao na hakuna aliyeona ajabu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, siku nyingi yuko njiani Dodoma, na hata angekuwepo, mama yake akisema yeye huitikia. Mtoto nilikuwa naye huyo mmoja, ana miaka minne. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nakasirika, na nikikasirika lazima nimtafute wa kumfokea.

Nikaamua kwenda kumfokea mwenye kebo.

Inabidi nieleze kebo ilikuwa nini kwetu. Mimi nilikua na redio. Bara hatukuwa na televisheni kabisa, kwa hiyo miaka ile waya wa kebo ulipofika mtaani kwetu tuliupokea kwa vigelegele, nasema kweli, mama mmoja alipiga vigelegele fundi alipokuwa juu ya nguzo. Mwenye kebo alikuwa mzee mmoja kalasinga, mzaliwa wa Moshi, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Kichagga alikijua kuliko watoto wetu. Pamoja na stesheni za Dar na za nje, alikuwa na chaneli yake mwenyewe ambayo aliiendesha kwa deki za video kutoka chumba cha nyuma ya duka. Ukitaka kulalamikia kipindi huandiki popote, unakwenda kaunta, unamkuta mkuu wa vipindi anauza balbu.

Zamani kidogo, saa kumi na mbili jioni, alikuwa akiweka kanda za mama mmoja aliyeketi mkekani anafundisha watoto nyimbo na kunawa mikono. Polepole, kwa Kiswahili, hana haraka na mtu. Halafu zile kanda zikapotea, zikaja katuni za kupigana. Na wazazi tukagawanyika. Asubuhi kwenye geti la chekechea ilikuwa vurugu tupu. Mmoja anasema afadhali katuni, mtoto anatulia mama anapika. Mwingine anasema wake amevunja kitanda. Baba mmoja jirani yangu, mwalimu wa sekondari, yeye alizitetea kwa nguvu zote.

"Mtoto wangu anahesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza," alisema.

"Na wangu anapiga watu kwa Kiingereza," nikamjibu.

Siku ya kwenda dukani tulikuwa wazazi sita saba hivi, mwalimu naye akafuata ili tusimsemee uongo. Mama mkwe wangu, aliyekuwa ametoka hospitali, alikuja kwa sababu aliona ugomvi mzuri unampita. Akapewa kiti cha kukunja karibu na feni.

Nilifoka. Nilisema yote. Mzee alinisikiliza huku anafungua redio ya mtu kwa bisibisi, kisha akasema, "Mama, mimi naonyesha wanachotaka watu. Yule mama wa mkekani nilimtoa kwa sababu kuna mzazi alikuja hapa akaniambia anawalaza watoto."

"Mzazi gani?"

Mzee akaweka bisibisi chini. Alimtazama mwalimu tu. Sote tukamgeukia, na mwalimu akaanza kusoma bei za balbu ukutani.

"Sasa basi," mzee akaendelea, naye damu imeanza kumchemka, "kila mzazi ananiletea maoni, mimi nina duka la maoni? Tengenezeni nyinyi! Kamera ninayo, ile ya harusi. Jumamosi nawapa nusu saa. Mkishindwa, katuni zinarudi na sitaki kusikia mtu."

Aisee! Kitu kilinipanda kutoka miguuni hadi kichwani. Kutengeneza TV, sisi! Tulikubali wote kwa mpigo kabla hajabadili mawazo, na kesho yake tulijazana kwenye kile chumba cha nyuma, kati ya maboksi ya feni, kitenge changu kipya kikiwa kimetundikwa ukutani kuwa pazia. Nilikuwa sijalala vizuri kwa furaha. Nilikuwa na sababu yangu pia, ambayo sikumwambia mtu: bibi akiona TV inaweza kumlea mtoto kwa adabu, hatakuwa na neno la kumchukulia.

Wa kwanza alikuwa mwalimu. Alivaa tai. Alisoma alfabeti kama anatangaza msiba wa kiongozi, mpaka mzee akazima kamera mwenyewe. Nikakaa mimi. Mimi ninayejulikana mtaa mzima kwa mdomo, taa ile iliponimulika sikukumbuka hata wimbo mmoja, nikabaki natabasamu jasho linatoka. Mama mkwe alikuwa kwenye kona anatikisa kichwa.

"Mnaongea na ukuta," alisema. "Mtoto haongeleshwi hivyo."

"Haya bibi, kaa wewe," mzee akasema, nadhani kwa hasira tu.

Akakaa! Alifunga kilemba upya, akaomba kisu na ndizi mbichi kwa sababu mikono mitupu haimpendezi mtu mzima, akaketi wima. Mzee akawasha kamera. Bibi akatazama mbele, kimya.

"Anza, bibi."

Kimya.

"Bibi, kamera inakwenda."

"Naona," akasema bila kugeuka. "Nawasubiri."

"Unamsubiri nani?"

"Watoto. Hawajanisalimia."

Mzee akamweleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kichagga, kwamba humu ndani hamna watoto, watoto wako majumbani, watamwona Jumamosi. Bibi akasema ameelewa vizuri sana. "Basi wanisalimie hukohuko waliko. Mimi siwezi kuanza kuongea na watoto ambao hawajaniamkia. Wataniona mwendawazimu." Akarudi kukaa vilevile, akasubiri. Alisubiri kwa raha zake, macho kwenye kamera, anamtazama mtoto mmoja mmoja ambaye hayupo. Mwalimu alikuwa anajikuna. Mimi nilikuwa nimeuma kanga nisicheke. Mwishowe bibi akainamisha kichwa kidogo, ameridhika.

"Marahaba, wajukuu zangu. Hamjambo?"

Akasubiri tena. Halafu akaanza kumenya ndizi na kusimulia habari za ng'ombe wake, ambaye hatoi maziwa mpaka umwambie habari za majirani, na kwamba kuna siku alimwambia uongo ng'ombe akapiga ndoo teke. Hakuimba, hakufundisha lolote. Nilisahau kuwa niko kazini, nikasikiliza kama mtoto.

Tulipomaliza, mwalimu akataka pale mwanzoni pakatwe. Bibi akaja juu.

"Ukipakata hapo, mimi nitaonekana naitikia marahaba sijasalimiwa, na watoto wa watu wataonekana hawana adabu. Acha hivyo hivyo."

Mzee akapaacha.

Jumamosi jioni sebule yangu haikuwa na mahali pa kukanyaga. Watoto wa mtaa mzima walikuwa mkekani, mama zao mlangoni na dirishani. Bibi aliketi nyuma kabisa, kwenye stuli ya cherehani. Saa kumi na mbili, picha ikaja. Bibi yumo ndani ya TV, na kitenge changu nyuma yake! Nilipiga yowe. Watoto wakageuka kumtazama bibi wa kwenye stuli, wakageukia wa kwenye TV, wakageuka tena.

Kisha ikawa kimya. Bibi wa kwenye TV anatazama tu. Mama mmoja akasema picha imeganda, akaipiga TV kofi ubavuni. Jirani akaita kutoka nyumba ya pili, "Kwenu vipi? Kwetu imekwama!" Nikajua sasa watazima, watarudi kwenye mateke, na mtoto wangu atapanda mlimani. Watoto wakaanza kusukumana.

Binti yangu ndiye aliyesimama. Alisogea mbele, mikono nyuma, akainua uso kwa yule bibi wa kwenye TV.

"Shikamoo bibi."

Na wengine wote wakafuata, kila mmoja kwa sauti yake, shikamoo, shikamoo bibi, na kupitia dirishani nikasikia nyumba ya pili nao wanasalimia, na ng'ambo ya barabara vilevile. Bibi wa kwenye TV akainamisha kichwa. "Marahaba, wajukuu zangu. Hamjambo?"

"Hatujambo!" Jamani, mtaa ulitikisika! Nilimkumbatia mama niliyesimama naye, ambaye tulikuwa hatusemeshani kwa sababu ya kamba ya nguo. Mwalimu alikuwa dirishani anachekelea kana kwamba wazo lilikuwa lake. Ile nusu saa hakuna mtoto aliyenyanyuka, na ng'ombe alipopiga ndoo, walicheka mpaka wengine wakalala chali.

Siku zilizofuata bibi hakuweza kwenda hospitali bila kusimamishwa. Watoto walitoka mbio getini kumwamkia, walipanga foleni, na yeye aliwawekea mkono kichwani mmoja mmoja hadi anachelewa kliniki. Kule mlimani, tangu baba mkwe afariki, alikuwa anaamka peke yake, anaongea na ng'ombe. Aliniambia hivyo akiwa anacheka, na mimi nikacheka naye, na moyo ukaniuma.

Daktari alipomruhusu, nilijikaza nikamuuliza kuhusu mtoto.

"Abaki," alisema. "Adabu anayo. Ilikuwa inasubiri kuulizwa."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheza peke yangu, miguu peku, nikashukuru Mungu, nikamshukuru na kalasinga. Nilikuwa nimeshinda.

Asubuhi ya safari nilimkuta binti yangu sebuleni amevaa viatu, kulia kushoto na kushoto kulia, mfuko wa rambo mkononi una gauni lake moja.

"Naenda kumwona ng'ombe," akasema.

Nikamwambia ng'ombe atamwona Jumamosi kwenye TV. Akasema huyo wa kwenye TV anasemwa tu, haonekani. Nikamwahidi soda, nikamwahidi gauni jipya, nikamkumbusha katuni zake. Hakutaka hata kuzisikia. Bibi alisimama mlangoni, mkono wake umeshafunguka upande wa mtoto, na nadhani hakujua. Sikuweza kuutazama ule mkono ukifungwa mtupu. Nikavigeuza viatu vya mtoto, nikavifunga kamba vizuri. Tulisema anakwenda likizo. Likizo ile ilidumu mpaka alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza.

Wiki ileile mzee wa kebo alipanda Machame na pikapu yake kurekodi kipindi cha pili, maana wazazi walikuwa wanamjia dukani kwa makundi. Jumamosi nilijaza tena watoto wa watu sebuleni. Bibi alikuwa amesimama mbele ya banda, na ng'ombe mwenyewe, na nyuma yao alipita mtoto wangu, mzigo wa majani umemzidi ukubwa, anaburuta, anaongea peke yake kwa furaha. Hakuitazama kamera. Alipita, akaingia bandani, hakutoka tena mpaka kipindi kikaisha. Sikumbuki bibi alisimulia nini siku hiyo.

Jumatatu nikipita mjini kununua nyuzi, mzee aliniita kutoka kaunta, amejaa raha.

"Mama, wewe ndiye mkali wa vipindi. Nipe maoni."

Nilitaka kumwambia ni kizuri.

"Ni kifupi," nikasema. "Mzee, kirefushe."