Nilimwitikia Mwenzangu Jina

Mungu anisamehe. Nikiwa chuo cha ualimu, kule milimani karibu na Amani, mwenzangu wa chumbani aliniambia asubuhi, "Niitikie bwana, naenda kuoga mtoni. Uji haujaiva nimerudi." Mwalimu alipoita majina na kufika lake, nikajibu, "Nipo."

Uji ukaisha, hajarudi. Nikaogopa kusema, nisije nikafukuzwa. Jioni ndipo nikasema, tukamkuta kwenye mawe, mguu umevunjika, anatetemeka. Akaninong'oneza, "Kutwa nzima namwomba Mungu usahau kuniitikia."

Juzi kwenye zahanati moja hapa Tanga, muuguzi aliita jina, binti akadakia, "Yupo, yuko nje." Nikamwambia, "Mwanangu, hebu kamwangalie." Akacheka, "Babu, una hofu wewe."

Ninayo. Msomaji, tafadhali, mwenzako asipoonekana, sema hayupo.