Kabati Lililoziba Maji

Saa tatu asubuhi, fundi amesimama juu ya ngazi, mkono mmoja kiunoni, analikodolea macho kabati la nguo kama mtu aliyetukanwa.

Kabati ni jipya, linang'aa, limejengwa hadi kugusa dari na limechomoza katikati ya ukuta. Wiki iliyopita halikuwapo. Upande mmoja, juu ukutani, kuna kichwa kidogo cha shaba kinachonyunyiza maji chenyewe moto ukizuka. Upande wa pili kuna kitanda alicholala mama mzazi wa fundi, ambaye hatembei bila kushikwa mkono.

"Nimechoka," anasema Bwana Mvua, kama wenzake wanavyomwita. "Naweka kichwa mahali pake, nikigeuka tu, mtu kaleta kabati, mwingine kaleta boriti ya urembo. Maji hayapigi kona jamani!"

Ana miaka kumi na sita katika kazi hii. Kati ya moto na maseremala, anasema, hajui nani anamnyima usingizi zaidi.

Safari hii mwenye kabati ni mdogo wake wa kike. Fundi anataka kutoboa ukuta upande wa kitanda, aongeze kichwa cha pili. Dada mtu hataki hata kusikia.

"Kaka, rangi nimepaka juzi tu, leo unanitobolea ukuta? Kimoja kinatosha."

"Kinamtosha nani? Nguo zako?"

"Nawe kila nyumba unayoingia lazima uache shimo!"

Fundi anasonya. Anamwambia afunge mapazia na kuzima taa, kisha anaiweka tochi palepale penye kichwa cha shaba na kuiwasha. Ndivyo anavyopima vyumba vyake: pasipofika mwanga, maji nayo hayatafika.

Mlango unaonekana, kiti kinaonekana, viatu chini ya kiti vinaonekana. Kivuli cha kabati kimefunika kitanda chote, kuanzia kwenye mto hadi miguuni.

"Mama, tochi unaiona?"

"Tochi ipi, mwanangu? Mimi naona kabati."

Dada mtu anakwenda kukaa ukingoni mwa kitanda, gizani, na kutazama juu.

"Haya, toboa," anasema. "Kesho, nikishahamisha vitu."

Fundi anashusha pumzi. Mpango wake, anasema, ni kuanza kukutana na seremala kabla ya kila kazi, wakubaliane kabati litasimama wapi, maana ugomvi huu utamzeesha bure.

Kisha anamshika mama yake mkono ampeleke sebuleni akanywe chai. Kutoka kitandani hadi mlangoni si mbali. Mama anapumzika kwenye kitasa cha kabati, anapumzika tena kwenye kiti, na nyumba nzima inamsubiri.

Dada mtu anawatazama mpaka wanatoka.

"Kaka," anaita. "Anza sasa hivi, kabla hajarudi kulala."