Fimbo za Alizeti kwa Theodora

Msimu wa alizeti ukifika pale Issuna, Theodora hakosi wasaidizi. Mumewe alifariki zamani, mtoto hakujaliwa, lakini turubai lake halipungukiwi mikono. Wanawake huja na fimbo zao kupura vichwa vikavu, pu, pu, pu, na chini ya kelele hiyo kila mmoja husema lile lisilosemeka kwingine. Mpita njia husikia fimbo tu. Theodora hupiga, husikiliza, na jambo huishia pale pale.

"Ukiniambia mimi umemkabidhi Mungu," huwaambia. "Nikilitoa, nimemwibia Yeye."

Ng'ambo ya uzio wa minyaa alikaa wifi yake Ritha, mke wa kaka yake Anselm, akichambua mlenda huku moyo unamchoma. Kwa nini yeye? Ritha ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya waumini. Ritha ndiye mwenye mume na watoto watano. Mtu mwenye shida ya ndoa anafuata nini kwa mjane asiye hata na wa kugombana naye?

"Wifi!" alimtupia neno siku moja juu ya minyaa. "Paroko anajua umefungua kitubio kwenye turubai?"

"Anajua, wifi. Kaniambia tu nisiwape watu malipizi."

Wanawake walicheka. Kicheko chao kilimkaa Ritha kooni mpaka jioni.

Lakini hayo yote angeyameza, kama si Janeth.

Janeth, kifungua mimba wake, alikuwa mwalimu Ikungi. Miaka miwili nyuma alimnong'oneza mama yake kwamba mchumba wake Frank ameanza kumkwepa, na anahofia ana mwingine Manyoni. Alhamisi ile ile, jumuiya ilipofika kwenye maombi, Ritha alifumba macho: "Tumwombee binti yetu Janeth, ambaye Frank amepata mwingine huko Manyoni." Aliomba kwa machozi ya kweli. Kabla ya Jumapili habari ilikuwa imefika sokoni Ikungi, na Frank hakurudi tena. Ritha hakuona kosa. Je, kumwombea mtoto ni dhambi? Tangu hapo, kila alipouliza hali, Janeth alijibu, "Nzuri tu, mama."

Mwaka huu Janeth alikuja likizo ya Juni, akamwamkia mama yake, akanywa uji, kisha akachukua fimbo na kupita uzioni kwa shangazi yake. Ritha alichungulia kati ya minyaa. Fimbo mbili, pu, pu. Midomo ya Janeth ilikuwa inatembea. Kisha binti yake akajifuta macho kwa ncha ya khanga, na Theodora akazidisha kupiga.

Jioni Ritha alimfuata wifi yake. "Mwanangu ana nini?"

"Wifi, ukitaka alizeti nitakupimia sasa hivi. La Janeth si langu."

"Nimemzaa mimi!"

"Umemzaa wewe," Theodora alikubali, akaendelea kupepeta.

Alhamisi jumuiya ilikutana kwa Ritha. Ilipofika zamu yake alisema kwa sauti iliyotulia: "Tumwombee Janeth, ana jambo zito. Na tumwombee anayelijua, yumo humu ndani, anawaficha wazazi wa binti."

Macho yote yalimgeukia Theodora. Neno moja tu lingemsafisha, hata kusema "si jambo baya" kungetosha. Yeye aliinamisha kichwa, akaanza Baba Yetu peke yake.

Kufika Jumatatu kijiji kilikuwa na majibu yake: Janeth ana mimba na shangazi anamtafutia dawa. Wanawake wakaacha kuja. Fimbo ikasikika moja, na Theodora hakujitetea kwa mtu. Ritha aliisikiliza fimbo ile akidhani atafurahi. Badala yake wivu ulimpanda upya, mkali kuliko wa kwanza: kumbe wifi yake alikuwa radhi kuchafuka kwa ajili ya mtoto asiye wake.

Janeth alimkuta jikoni. "Mama, safari hii umeniombea nini?"

"Niambie wewe, basi. Mimi ni mama yako."

"Nikikuambia, Alhamisi utanyamaza?"

Ritha alifungua kinywa aseme ndiyo. Akajiona kwenye kile kiti, macho yamefumbwa, watu wakimsogelea wasikie. Ndiyo haikutoka.

"Sijui, mwanangu."

"Basi nitangoja," Janeth alisema, akaketi kwenye kigoda cha mama yake, akavuta ungo wa mlenda.

Ritha alichukua fimbo nyuma ya mlango, akapita uzioni. Theodora alisogea tu, akamwachia upande wa turubai.

"Usipige kwa hasira, wifi, mbegu zinarukia majanini."

Walipura pamoja. Kisha Ritha, bila kumwangalia, akaanza kusema. Kwamba anamwonea wivu. Kwamba siku ile ya Frank, hata machozi yakimtoka, alifurahi kuona watu wote wamemwinamia yeye. Kwamba anaogopa mtoto wake ameshapata mama mwingine.

Theodora akainua fimbo juu zaidi, akapiga kwa nguvu zake zote.

Ng'ambo ya minyaa, Janeth aliinua uso kutoka kwenye mlenda. Alisikia fimbo tu.